Betahistini na mizania ya nishati
Betahistini ni dawa ya kizunguzungu cha ugonjwa wa Ménière iliyowahi kujaribiwa pia kupunguza uzito. Histamini, ambayo wengi huijua kwa mafua ya mzio na mwasho wa ngozi, hutolewa vilevile na neva za ubongo: kupitia vipokezi vya H1 huleta shibe, ilhali vile vya H3 hudhibiti utolewaji wake. Betahistini huchochea H1 kidogo na kuziba H3. Dawa zinazoziba H1, kama olanzapini na siproheptadini, hufanya kinyume; siproheptadini hata hutumiwa makusudi kuwaongezea watu hamu ya kula.

Kwa panya waliopewa olanzapini, betahistini ilipunguza ongezeko la uzito. Katika majaribio ya kupunguza uzito kwa binadamu, mambo hayakwenda hivyo. Jaribio la wiki 12 lililochapishwa mwaka 2008 halikupata tofauti kwa washiriki wote kwa jumla. Wanawake wa chini ya miaka 50 ndio waliopungua zaidi, lakini matokeo ya kundi dogo la namna hiyo ni dokezo tu. Katika jaribio jingine, la 2010, wanawake wanene walitumia dawa hiyo kwa saa 24, hadi miligramu 144, kisha wakaandaliwa vyakula vingi wale watakavyo. Walikula karibu sawa na waliopewa dawa bandia.