Dawa ya magugu kwenye maharage: Ipi inafaa, ipi itakuunguzia shamba?

Palizi ya maharage ni kazi ngumu, na vibarua hawapatikani kirahisi. Ndiyo maana wakulima wengi wanakimbilia dawa za magugu. Lakini ukikosea chupa, maharage yanakufa pamoja na magugu.

Kwa nini dawa ya mahindi haifai?

Mahindi ni jamii ya nyasi. Maharage, soya, kunde na karanga ni mimea ya majani mapana, sawa na magugu mengi, kwa mfano kishona nguo.

- 2,4-D huua majani mapana na kuacha nyasi. Ikigusa maharage, shina linapinda na majani yanajikunja.
- Atrazini ni ya mahindi. Usiitumie ulikochanganya mahindi na maharage. Mabaki yake hukaa ardhini na yanaweza kudhuru maharage ya msimu unaofuata.
- Glaifoseti huua karibu kila mmea wa kijani. Ni ya kusafisha shamba kabla maharage hayajaota. Soya inayoistahimili ilianza kulimwa Marekani mwaka 1996, ila hiyo ilibadilishwa vinasaba. Maharage ya kawaida hayana kinga hiyo.

Zipi zinafaa?

- Fluazifopu, kwizalofopu na klethodimu huua nyasi tu. Huzuia kimeng'enya ambacho nyasi hutumia kutengeneza mafuta ya seli. Kimeng'enya hicho kwenye maharage hakidhuriki. Ila usitegemee ziue ndago.
- Bentazoni huua majani mapana. Maharage na soya huivunjavunja kabla haijaleta madhara. Majani yanaweza kupauka kidogo, kisha mmea unarudi sawa.
- S-metolaklori hupuliziwa baada ya kupanda, kabla ya kuota. Inahitaji udongo wenye unyevu.

Kabla hujapulizia

1. Soma kiambata kwenye lebo, siyo jina la biashara tu. Hakikisha zao lako limetajwa.
2. Angalia usajili: TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya.
3. Osha bomba vizuri. Mabaki kidogo tu ya 2,4-D yanatosha kuharibu maharage.
4. Pulizia magugu yakiwa madogo, wakati hakuna upepo. Vaa glavu, buti na barakoa.

Lebo imechanika au haisomeki? Iache dukani. Jembe ni polepole, lakini haliunguzi maharage.