Mgeni wa Riruta Satellite, Kawangware na Kibera: Mambo ya kuzingatia kabla ya kubisha hodi

MGENI kutoka ng'ambo anapotua katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, aghalabu huwa amebeba kitabu cha mwongozo kinachomweleza kwa kina jinsi ya kumtazama simba wa Maasai Mara bila kumghasi. Kuhusu mitaa wanakoishi maelfu kwa maelfu ya wakazi wa Nairobi, kitabu hicho humtengea aya moja tu: asiende huko, au akienda, aandamane na kampuni ya watalii.

Linganisha hayo na miongozo inayoandikwa kuhusu nchi kama Vietnam. Huko msafiri hufunzwa kuvua viatu mlangoni, kupokea kitu kwa mikono miwili, kuvaa kwa heshima aingiapo hekaluni na hata namna ya kuvuka barabara iliyojaa pikipiki. Mwongozo wa aina hiyo humchukulia mwenyeji kuwa mtu mwenye desturi zake. Wakazi wa Riruta Satellite, Kawangware na Kibera nao wana desturi zao, na mgeni anapaswa kuzijua.

Makala haya yanamlenga mgeni huyo pamoja na msomaji atakayemwongoza, kwa kuwa wageni wengi hufika mitaani humu kwa mkono wa rafiki, parokia, shule au shirika.

MITAA MITATU, HISTORIA TOFAUTI

Kosa la kwanza la wageni wengi ni kuiona mitaa hii kuwa kitu kimoja. Kibera iko kusini mwa barabara ya Ngong. Kawangware na Riruta Satellite ziko upande wa pili, kaskazini-magharibi mwa Dagoretti Corner, na hufikiwa kwa barabara ya Naivasha ambayo hupita hapo ikielekea Uthiru.

Kibera ilianza mapema katika karne ya 20, pale serikali ya kikoloni ilipowapa makao askari wenye asili ya Sudan waliotumikia kikosi cha King's African Rifles. Vizazi vyao ndio Wanubi wa leo, na jina la mtaa limetokana na neno lao lenye maana ya msitu. Baada ya miongo mingi ya kudai haki ya ardhi, jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 mnamo Juni 2017. Sehemu kubwa ya ardhi iliyosalia ni ya serikali, na ndiyo sababu tishio la kubomolewa nyumba haliishi. Julai 2018, matingatinga yaliangusha makazi ya watu wengi ili barabara ipite.

Kawangware na Riruta zilikuwa sehemu ya eneo lililotengewa Wakikuyu wakati wa ukoloni, na ardhi kwa kiasi kikubwa ni ya watu binafsi. Hapo utakuta nyumba za mabati zikipakana na magorofa ya kupangisha, na karibu nayo shamba dogo la sukuma wiki. Wapangaji wametoka pembe zote za nchi, na Waluhya ni wengi mno Kawangware. Mkazi wa Satellite anayeishi katika gorofa la mawe hafurahii kuambiwa kwamba anaishi "Kibera", na mkazi wa Kibera hafurahii jina la mtaa wake kugeuzwa kisawe cha umaskini.

Aidha, mgeni ajihadhari na takwimu za kuvutia macho. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070, na ile ya 2019 ikaonyesha zaidi ya watu 185,000 katika kaunti ndogo ya Kibra.

KABLA YA SAFARI

Tangu Januari 2024, Kenya iliacha kutoa viza na badala yake ikaanzisha idhini ya kusafiri inayoombwa kwa njia ya intaneti kabla ya safari. Raia wa nchi nyingi za Afrika walisamehewa sharti hilo mwaka 2025. Anayetoka katika nchi yenye homa ya manjano atahitajika kuonyesha cheti cha chanjo.

Mgeni asipakie vitu vyake katika mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, na adhabu yake si ndogo. Ni vyema pia kufahamu kwamba masika huwa kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Katika miezi hiyo vichochoro hugeuka matope na vijito hufurika. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliathiri vibaya wakazi wa kingo za mito jijini, Kibera ikiwamo. Viatu vya mpira vitamfaa mgeni kuliko viatu vya bei ghali.

USAFIRI

Matatu ndizo usafiri wa kawaida. Nambari 46 huenda Kawangware na ni maarufu kiasi kwamba steji yenyewe imepewa jina hilo. Nauli hupanda asubuhi, jioni na mvua inaponyesha. Kwa hivyo, muulize kondakta nauli kabla ya kuingia, wala usione haya kumuuliza abiria aliye kando yako. Mkanda wa usalama umekuwa sharti la kisheria tangu Februari 2004, hata pale ambapo hakuna anayeufunga.

Simu isikae mkononi karibu na dirisha lililo wazi, hasa gari linapokwama katika msongamano. Ukipanda bodaboda, patana bei kwanza na uitishe kofia ya chuma. Ndani ya Kibera, reli ya kwenda Kisumu hutumiwa na wakazi kama njia ya miguu. Mgeni asisimame juu yake kupiga picha, kwa kuwa treni bado hupita.

SALAMU NA MAVAZI

Hakuna shughuli inayoanza kabla ya salamu. Anayeuliza njia bila kuuliza hali huonekana mkavu, hata kama hana nia mbaya. "Habari yako" yatosha kwa kila mtu. "Sasa" au "niaje" ni ya vijana wenzako wala si ya mzee. "Shikamoo" haisikiki sana Nairobi kama ilivyo Pwani au Tanzania, ila mzee akiamkiwa hivyo atafurahi na kuitikia "marahaba". Mwanamke mwenye watoto huitwa Mama fulani kwa jina la mwanawe, na mwanamume wa makamo huitwa mzee.

Watoto watamfuata mgeni mweupe wakimwimbia salamu ya Kiingereza kwa pamoja. Awajibu kwa tabasamu na kuendelea na safari yake. Neno "mzungu" atalisikia mara nyingi. Kwa kawaida si tusi.

Mavazi yawe ya staha. Katika kijiji cha Makina, ambako Wanubi ni wengi na Uislamu una mizizi, bega na goti vifunikwe. Mwezi wa Ramadhani mgeni asile wala kunywa hadharani mchana. Nyumbani, tazama mlangoni: ukiona viatu vimepangwa nje, vua vyako. Chumba kimoja mara nyingi ndicho sebule, jiko na mahali pa kulala, kwa hivyo usikae kitandani mpaka uelekezwe.

CHAKULA, MAJI NA PESA

Ukialikwa chai, kubali japo kikombe kimoja. Chai hupikwa na maziwa, na mwenyeji huenda amekopa maziwa hayo dukani kwa ajili yako. Kukataa moja kwa moja humvunja moyo. Ni afadhali kuomba kidogo. Chakula cha mkono huliwa kwa mkono wa kulia, baada ya mwenyeji kukunawisha.

Vibandani utapata chapati na ndengu, githeri, mahindi ya kuchoma, samaki na mutura. Chagua kibanda chenye wateja wengi na chakula cha moto. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au ya chupa. Kumbuka kwamba maji hununuliwa kwa mtungi katika sehemu nyingi za mitaa hii, na vyoo vingi vya umma hulipiwa. Mgeni anayeoga kwa ndoo mbili kwa mpangaji wa Kawangware ametumia pesa za mwenyeji wake.

Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, hutumiwa na kila mtu kuanzia mama mboga hadi mwenye nyumba. Mgeni anaweza kusajili laini ya simu kwa pasipoti yake. Noti ndogo ndogo zisikosekane. Sokoni Toi na Kawangware bei ya mitumba hupatanwa kwa mzaha na uvumilivu. Lakini kubishania shilingi kumi za nyanya si busara.

KAMERA

Hapa ndipo wageni na wenyeji hukosana. Ziara za watalii Kibera zilishamiri katika miaka ya 2000, mtaa ulipopata umaarufu duniani kupitia filamu ya The Constant Gardener ya 2005, ziara ya Barack Obama akiwa seneta mnamo Agosti 2006, na Kongamano la Kijamii la Dunia lililoandaliwa Nairobi Januari 2007. Mnamo Agosti 2010, Kennedy Odede, mwanzilishi wa shirika la SHOFCO aliyelelewa Kibera, aliandika katika gazeti la New York Times akipinga ziara hizo. Alisimulia jinsi alivyopigwa picha na mgeni akiwa na umri wa miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba yao, naye akahisi kama mnyama kizimbani.

Wapo wenyeji wanaotofautiana naye. Vijana wanaoongoza watalii husema kazi hiyo huwapa riziki, na mafundi wanaochonga mapambo kwa mifupa ya ng'ombe husema wateja wao wengi ni wageni. Pande zote mbili zina hoja. Kipimo rahisi ni hiki: je, ungekubali mtu usiyemjua asimame mlangoni pako akipiga picha ya ndani bila kukuamkia?

Omba ruhusa kwanza, ukikataliwa shukuru na uweke kamera mfukoni. Usipige picha ya mtu anayeoga, mgonjwa, mlevi wala msiba. Ukiahidi kumtumia mtu picha yake, mtumie.

Kuhusu watoto, hili si suala la adabu pekee. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, jirani ya Kawangware, ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Anayerusha droni naye sharti awe na kibali cha mamlaka ya usafiri wa ndege.

WATOTO NA MISAADA

Mgeni mwenye huruma hutamani kugawa peremende na sarafu. Tabia hiyo huwafunza watoto kuwakimbilia watu wasiowajua na kuwafanya watoro shuleni. Vilevile, ajiulize maswali kabla ya kuzuru au kufadhili makao ya mayatima. Wengi wa watoto walio katika vituo hivyo wana mzazi au jamaa aliye hai. Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha watoto katika familia. Kituo kinachoruhusu mtu yeyote kuingia, kubeba watoto na kuwapiga picha hakiwalindi.

Ukitaka kusaidia, nunua bidhaa za wenyeji, mlipe kiongozi wako ipasavyo, au uwasiliane na shule na zahanati zikueleze zinachohitaji. Ukishuku kwamba mtoto anadhulumiwa, piga simu nambari 116 bila malipo.

USALAMA

Mitaa hii ina wezi kama ilivyo mitaa mingine ya jiji, na ina majirani wanaotazama kuliko mitaa yenye kuta ndefu. Tembea mchana, na mwenyeji anayejulikana. Vito, kompyuta na pasipoti halisi vibaki mahali salama. Ukiporwa, usimfukuze mwizi wala usipige kelele za "mwizi" ovyo, kwani umati waweza kumuua mtu kabla ya polisi kufika. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Ahirisha ziara nyakati za maandamano na za kusubiri matokeo ya uchaguzi. Kibera iliumia mno katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Kawangware ilikumbwa na mapigano Oktoba 2017. Fulana yenye rangi au nembo ya chama ibaki nyumbani, na mjadala wa makabila umwachie mwenyeji auanzishe akitaka.

Kwa ramani, mgeni ana bahati kuliko waliomtangulia. Kabla ya 2009 Kibera ilikuwa tupu katika ramani nyingi, hadi vijana wa mtaani walipoichora wenyewe kupitia mradi wa Map Kibera, wakaonyesha visima, zahanati, shule na vyoo.

KUAGA

Mgeni haondoki kimyakimya. Aage wazee wa nyumba na majirani aliowaamkia alipoingia. Mwenyeji atataka kumsindikiza hadi steji, na mgeni asimkatalie kwa kudhani anamsumbua. Kusindikizwa ni heshima, na ni ulinzi pia, kwa sababu wote wanaomwona njiani watajua ni mgeni wa nani. Akifika anakoenda, atume ujumbe mfupi kusema amefika salama. Mwenyeji huwa anausubiri.