Uso wa Silikoni katika Historia ya Elektroniki: Mtazamo kutoka Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya hali za elektroni katika uso wa fuwele ya silikoni kuanzia mwaka 1932 hadi leo. Hoja yake kuu ni kwamba kilichokwamisha elektroniki ya silikoni, na hatimaye kuiwezesha, ni uso wa fuwele wala si undani wake. Aidha, makala inaonyesha kwamba Afrika imo ndani ya historia hiyo tangu hatua yake ya uamuzi.

1. Utangulizi

Kituo cha umeme cha Ruzizi I, katika mto unaotenganisha Mururu na Bukavu, kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Cyangugu ingali chini ya utawala wa Ubelgiji. Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya bahari, lilipatikana suluhisho lililofungua njia ya vifaa ambavyo leo hutumia umeme huo: simu na kompyuta zinazouzwa Kamembe. Vifaa hivyo vimezoeleka katika Wilaya ya Rusizi, lakini historia yake husimuliwa kana kwamba haiwahusu wanaovitumia. Kiswahili, lugha ya biashara ya mpaka huu kwa muda mrefu na lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, kinapaswa kuisimulia historia hiyo kwa ukamilifu.

2. Fumbo la uso

Ndani ya fuwele, kila atomu ya silikoni imeshikana na majirani wanne. Fuwele inapokatwa, atomu za juu hupoteza baadhi ya majirani hao, na vifungo vyake hubaki bila mwenzi. Mwaka 1932, Igor Tamm wa Umoja wa Kisovieti alionyesha kwa hesabu kwamba mahali fuwele inapokoma panaweza kuwa na hali za elektroni zisizokuwamo ndani yake. William Shockley alilichambua suala hilo kwa njia nyingine mwaka 1939.

Jambo hilo lilibaki la wananadharia hadi mwaka 1945, Shockley, akiwa Bell Labs nchini Marekani, alipojaribu kudhibiti mkondo ndani ya nusukipitishi kwa uga wa umeme kutoka nje. Jaribio lilishindwa. John Bardeen alieleza sababu katika makala iliyochapishwa mwaka 1947: hali za uso hunasa elektroni, na elektroni hizo huukinga undani wa fuwele usifikiwe na uga. Uchunguzi wa kikwazo hicho ndio uliomfikisha Bardeen, pamoja na Walter Brattain, kwenye transista ya kwanza, Desemba 1947. Hata hivyo, transista hiyo ilikuwa ya jerimani, na tatizo la uso halikutatuliwa, lilizungukwa tu.

3. Mchango wa Mohamed Atalla

Aliyelikabili tatizo lenyewe alikuwa Mwafrika. Mohamed Atalla alizaliwa Port Said, Misri, mwaka 1924, akasoma Kairo na kisha Chuo Kikuu cha Purdue, na akajiunga na Bell Labs mwaka 1949. Mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na wenzake walionyesha kwamba silikoni ikipashwa joto kali penye oksijeni huota tabaka la oksidi. Tabaka hilo hufunga sehemu kubwa ya vifungo visivyo na mwenzi, na hali za uso hupungua sana. Mwaka 1959, Atalla na Dawon Kahng, mzaliwa wa Seoul, walitengeneza transista inayodhibitiwa kwa uga kupitia oksidi hiyo, yaani kile alichokitafuta Shockley miaka 14 kabla. Transista za jamii hiyo ndizo zilizojaa katika simu na kompyuta za leo. Shockley, Bardeen na Brattain walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Atalla alifariki mwaka 2009 bila kuipata.

4. Uso usiofunikwa

Je, uso usio na oksidi hukaaje? Mwaka 1959, R. E. Schlier na H. E. Farnsworth waligundua kwamba, katika ombwe, atomu za uso hujipanga upya. Katika mkato mmoja wa fuwele, mpangilio mpya hujirudia kila baada ya hatua saba kwa saba. Gerd Binnig, Heinrich Rohrer na wenzao waliuona mpangilio huo, atomu kwa atomu, mwaka 1983 kwa hadubini yao mpya, na mwaka 1985 Kunio Takayanagi na wenzake wakapendekeza muundo uliokubalika. Kwa kujipanga hivyo, vifungo 49 visivyo na mwenzi hupungua hadi 19. Hivyo 19 vilivyosalia huupa uso tabia ya metali, ingawa undani wake ni nusukipitishi.

5. Afrika Mashariki

Utafiti wa maabara wa nyuso hizo huhitaji mitambo ya ombwe yenye gharama kubwa. Hesabu za muundo wa elektroni, kwa upande mwingine, huhitaji kompyuta na programu, ambazo baadhi yake hutolewa bila malipo. Njia hiyo ilifundishwa katika shule ya Afrika ya mbinu za muundo wa elektroni, ASESMA, iliyofanyika Cape Town mwaka 2010 na Eldoret mwaka 2012. Mwaka 2018 ilifunguliwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kimsingi, mshirika wa kituo cha ICTP cha Trieste. Fizikia ya mata mango ni miongoni mwa nyanja zake.

6. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba tabia ya ukingo haiwezi kubashiriwa kwa kutazama kiini pekee. Watu wa Rusizi, wanaoishi mpakani, hawatashangazwa na hoja hiyo. Linalobaki ni kwa wanaotunga vitabu vya Kiswahili vya sayansi: wanapoieleza transista, jina la Atalla liwe pamoja na la Shockley, na uso wa silikoni upewe nafasi yake. Mwanafunzi wa Kamembe ataona hapo kwamba elimu hii haikuletwa Afrika ikiwa tayari imekamilika. Mwafrika alishiriki kuikamilisha.