Chungu, Mrija na Chupa ya Kibelgiji

Sisi vijana wa Tukuyu tukisikia neno bia, akili inakimbilia chupa. Kile kinachonywewa kilabuni tunakiita pombe tu, tena ya kienyeji, kana kwamba bia ilizaliwa siku kiwanda kilipojengwa. Mimi nabisha.

Kiwanda chenyewe ni cha juzi. Tanganyika Breweries ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Mwaka uliofuata Godfrey Wilson alifika Rungwe kuchunguza maisha ya Wanyakyusa, kazi aliyoifanya pamoja na Monica Wilson hadi 1938. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu, Good Company, jina linalotokana na neno letu ukwangala: kukaa na wenzako, kupiga soga, kula na kunywa pamoja. Wakati huo vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, na kushirikiana chakula na kinywaji ilikuwa sehemu ya kuwa mtu. Sasa niambie ndugu msomaji, watu wa namna hiyo walikuwa wanasubiri chupa gani?

Walikuwa na kimpumu. Ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uchipue, unaanikwa, unasagwa. Hicho ndicho kimea, na kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari, sawasawa na shayiri ya Wazungu. Kinachanganywa na uji, kinaachwa kichachuke. Kilabuni inakuja mizito kama machicha. Inamwagiwa maji ya moto, mnafyonza kwa mirija, maji yakipungua yanaongezwa mpaka ladha iishe. Kwa baridi ya Tukuyu, yenye mvua isiyojua kwenda likizo, siyo mchezo! Ukiwahi mwanzoni unakutana na utamu wa togwa, halafu ukali unafuata taratibu.

Mwaka jana nilikuwa Dar, mshikaji mmoja akanipeleka mahali panapopikwa bia kwa mapipa machache. Nikapewa iliyopikwa kwa mtindo wa Ubelgiji, rangi ya kahawia nyepesi. Ilinukia mkate uliobabuka, kwa mbali asali, na mwisho uchungu kidogo. Bei siitaji, bibi asije akasoma.

Bia ya aina hiyo ina historia ya ubishi. Mwaka 1904 Wabelgiji waliandaa shindano la kupata bia ya kwao, maana za kigeni zilikuwa zinawamaliza wapishi wadogo. Mwaka huohuo Tukuyu ilikuwa inaitwa Neu-Langenburg, chini ya Mjerumani. Nani angeandaa shindano la wapishi wa kimpumu?

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 2009 TBL ilifungua kiwanda Mbeya. Mwaka 2016 kampuni ya AB InBev, yenye makao makuu Leuven, Ubelgiji, iliinunua SABMiller, na hisa kubwa za TBL zikaenda nayo. Mwaka huohuo UNESCO ikauingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Yaani mlima Rungwe uko palepale, lakini faida ya chupa ya grosari inasafiri mpaka Leuven.

Chupa moja nilirudi nayo. Bibi, ambaye kimpumu ndiyo iliyonilipia ada mpaka kidato cha nne, akainusa kwanza, akaonja, akanyamaza kama fundi anayekagua ukuta wa mwenzake.

"Kimea chake walikikausha vizuri," akasema. "Aliyeipika anaitwa nani?"

Nikasoma karatasi ya chupa yote. Kuna jina la kampuni, kiasi cha kilevi, viungo. Mpishi hayumo.

"Basi na yeye yuko kama sisi," akasema, akaniambia nilete kalamu. Akaanza kunitajia wanawake waliopika kwa zamu kilabuni tangu yeye ni msichana, na nani alikuwa hodari wa nini. Mpaka leo nina majina kumi na manne. Matatu bado anabishana na jirani yake.