Mshauri Aliyefukuzwa: Hans Morgenthau na Kazi ya Kusema "Haliwezekani"

Usiku wa Juni 21, 1965, kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani kilirusha mjadala wa saa nzima juu ya vita vya Vietnam. Upande wa serikali alikaa McGeorge Bundy, mshauri wa Rais Lyndon Johnson wa mambo ya usalama wa taifa, aliyewahi kuwa mkuu wa kitivo Harvard akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. Upande wa pili alikaa Hans Morgenthau, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, umri miaka 61, Kiingereza chake kingali kimebeba lafudhi ya Kijerumani. Mjadala ulipopamba moto, Bundy alitoa maneno ya zamani ya Morgenthau mwenyewe na kuyasoma mbele ya watazamaji: alichotabiri kuhusu Mpango wa Marshall, alichotabiri kuhusu Laos. Hayakutimia. Morgenthau akajibu kwamba huenda kweli alikosea kuhusu Laos, lakini kukosea Laos hakuthibitishi kwamba anakosea Vietnam.

Wengi waliotazama walimpa Bundy ushindi. Mwaka huohuo Wizara ya Ulinzi ilikatisha kazi ya ushauri ambayo Morgenthau alikuwa akiifanyia. Askari wa Marekani waliotua Da Nang mwezi Machi 1965 walikuwa kama 3,500. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa wamefika takriban 184,000. Miaka mitatu baadaye walizidi nusu milioni. Saigon ilianguka Aprili 30, 1975. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikuwa wamekufa, na Wavietnam waliokufa wanahesabiwa kwa mamilioni.

Hoja yangu ni kwamba ushauri wa msomi una thamani kwa serikali pale anapoweza kusema, kwa ushahidi, kuwa jambo wanalolitaka wakubwa haliwezekani. Uwezo huo unadai moyo, ndiyo, lakini unadai pia kitu ambacho wanaoandika sifa za watu mashuhuri hukiruka: mahali ambapo mshauri atafanya kazi akishafukuzwa.

Morgenthau alizaliwa Coburg, Ujerumani, mwaka 1904, mtoto wa pekee wa daktari Myahudi. Mwaka 1922, akiwa mwanafunzi bora wa shule yake ya sekondari, alipewa heshima ya kutoa hotuba na kuvisha taji la majani sanamu ya mwasisi wa shule. Alipokuwa akisema, mtawala wa zamani wa Coburg, aliyekaa miongoni mwa wageni, alishika pua yake, kuonyesha kwamba Myahudi ananuka. Kijana wa miaka 18 aliimaliza hotuba yake. Alisomea sheria, akafanya kazi Frankfurt katika ofisi ya Hugo Sinzheimer, mwanasheria mkubwa wa haki za wafanyakazi, kisha mwaka 1932 akaenda kufundisha Geneva. Baada ya Hitler kushika madaraka hakukuwa na njia ya kurudi. Alipata kazi Madrid mwaka 1935, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vikamnyang'anya hata hiyo. Alifika Marekani mwaka 1937, mwanasheria ambaye sheria alizozisomea zilikuwa zimegeuzwa karatasi tupu mbele ya macho yake.

Mtu wa aina hiyo anapoandika kwamba siasa za kimataifa ni kugombania nguvu, ana haki ya kusikilizwa kwa makini kuliko tunavyomsikiliza. Kitabu chake cha mwaka 1948, *Politics Among Nations*, kiko katika orodha ya kusoma ya karibu kila idara ya siasa duniani, zetu zikiwemo. Lakini mihadhara yetu ya mwaka wa kwanza mara nyingi huikamua nadharia nzima ya uhalisia hadi ibaki methali moja: mwenye nguvu mpishe. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba Morgenthau ndiye kasisi wa ubabe. Kisha anasikia kuwa mtu huyohuyo alipinga vita vya Vietnam, anadhani alighairi uzeeni.

Hakughairi. Mwishoni mwa kitabu hicho aliweka kanuni chache za diplomasia, na inatosha kuzitazama tatu. Taifa litazame hali kwa macho ya mataifa mengine. Taifa lisijiweke mahali ambapo haliwezi kurudi nyuma bila kufedheheka wala kusonga mbele bila hatari kubwa. Na taifa kubwa lisimwachie mshirika dhaifu aliamulie. Haya yaliandikwa wakati majeshi ya Ufaransa yangali Indochina na Marekani haijapeleka hata kikosi kimoja. Ukiyasoma leo ukiwa na ramani ya Vietnam mezani, unaona mashtaka yaliyotangulia kosa kwa miaka 17.

Kwa Morgenthau, kupima nguvu maana yake ni kujua pia zinapoishia. Ndiyo maana fadhila aliyoiweka juu ya zote katika siasa ni busara, yaani kupima matokeo ya kila njia kabla ya kuishika. Alikwenda Saigon mwaka 1955 na kukutana na Ngo Dinh Diem, kiongozi wa Vietnam Kusini. Hakuwa mtu wa kubahatisha kutoka maktaba. Katika makala aliyoichapisha kwenye gazeti la *New York Times* Aprili 1965, na katika mihadhara ya miezi iliyofuata, hoja yake ilikuwa hii: Urusi iliweza kuzuiwa Ulaya kwa mstari wa kijeshi kwa sababu tishio lake pale lilikuwa la kijeshi. Uzito wa China katika Asia ni wa kisiasa na kiutamaduni, na mizinga haiuzuii. Vita vya msituni navyo huamuliwa na watu wa vijijini, wanamtii nani na wanamficha nani. Tena Wavietnam wana historia ndefu ya kukataa kutawaliwa na China. Ho Chi Minh, kiongozi wa Vietnam Kaskazini, angeweza kuwa Tito wa Asia, mkomunisti kama yule wa Yugoslavia, asiyepokea amri za mtu, kama asingesukumwa ukutani. Mwaka 1979 China na Vietnam, zote za kikomunisti, zilipigana mpakani.

Kuna pingamizi moja zito, na Bundy ndiye aliyelisimamia vizuri zaidi. Msomi wa nje, kwa hoja hiyo, hasomi telegramu za siri wala habebi lawama ya uamuzi. Anaweza kukosea kuhusu Laos Jumatatu na kufundisha darasa Jumanne kama kawaida. Rais hana nafasi hiyo. Sitaki kulipuuza pingamizi hili, maana nimewaona wenzangu wakiikosoa wizara kwa mambo ambayo simu moja ingewaeleza.

Lakini siri za wakati ule tunazo sasa, tangu nyaraka za Wizara ya Ulinzi zilipovuja na kuchapishwa mwaka 1971. Miongoni mwake kuna waraka wa Machi 24, 1965 wa John McNaughton, msaidizi wa Waziri wa Ulinzi, naye akiwa profesa wa sheria aliyetoka Harvard. Aligawa malengo ya Marekani Vietnam kwa asilimia: 70 kukwepa fedheha ya kushindwa, 20 kuzuia eneo hilo lisiangukie mikononi mwa China, 10 kuwapa watu wa Vietnam Kusini maisha bora na huru zaidi. Hesabu hiyo inatisha kwa sababu ni safi. Siku hizohizo rais alikuwa akiwaeleza wananchi kwamba vijana wao wanakwenda kulinda uhuru wa Wavietnam. Waliokuwa ndani, basi, walijua alichokuwa akikisema Morgenthau nje. Walikuwa na taarifa tele. Walichokosa ni mtu ambaye angeweza kulitamka hitimisho mezani bila kuhesabu kwanza atapoteza nini.

Na alikuwepo wa kujaribu. George Ball, naibu waziri wa mambo ya nje, aliandika waraka baada ya waraka kupinga vita, na akasikilizwa kwa adabu zote. Ikazoeleka kwamba Ball ndiye msemaji wa upinzani. Akishasema, kikao kinaridhika kuwa pande zote zimesikika, kisha kinaendelea na lilelile. James Thomson, mtaalamu wa Asia ya Mashariki aliyefanya kazi Wizara ya Mambo ya Nje na Ikulu ya Marekani hadi 1966, alilieleza jambo hili mwaka 1968 katika jarida la *Atlantic*. Alionyesha jinsi maofisa walivyonyamaza leo ili wabaki na sauti kesho, na kesho wakanyamaza tena kwa sababu ileile. Waswahili tunaijua hekima hiyo vizuri: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kwa mshauri wa serikali uzazi haukomi. Kila wiki kuna uamuzi mwingine mbele, na kila wiki kuna sababu ya kutomuudhi mkunga.

Kosa la namna hii lilitugusa sisi moja kwa moja. Aprili 1969 Henry Kissinger, mshauri wa Rais Nixon wa usalama wa taifa, Mjerumani mwingine aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler na msomi mwingine wa uhalisia, aliagiza uchunguzi wa sera ya Marekani kusini mwa Afrika, uliojulikana kwa nambari yake, 39. Njia ambayo serikali ya Nixon iliielemea ilijengwa juu ya dhana kwamba Wazungu wa eneo hilo wamekita mizizi, na kwamba mabadiliko yoyote ya maana yatapitia kwao. Miezi miwili tu kabla ya agizo hilo, Februari 3, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alikuwa ameuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mondlane mwenyewe alikuwa na shahada ya uzamivu ya Northwestern, chuo kilicho Evanston, kando ya Chicago. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha Syracuse kabla ya kurudi Afrika. Julai 1968, chini yake, FRELIMO ilifanya mkutano wake mkuu wa pili Matchedje, Niassa, ndani ya Msumbiji, katika ardhi iliyohesabiwa na Ureno kuwa yake. Jambo hilo lilikuwa ushahidi wa wazi, wala halikuhitaji jasusi. Mtu yeyote aliyekuwa na rafiki katika ofisi za vyama vya ukombozi Dar es Salaam alilijua.

Aprili 25, 1974, maofisa wa jeshi la Ureno waliochoshwa na vita katika makoloni ya Afrika waliipindua serikali ya Lisbon. Msumbiji ikawa huru Juni 25, 1975, Angola Novemba 11. Aprili 1976 Kissinger alikuwa Dar es Salaam akizungumza na Mwalimu Nyerere, na tarehe 27 mwezi huo, mjini Lusaka, akatangaza kwamba Marekani inaunga mkono utawala wa walio wengi Rhodesia. Miaka saba ilipita tangu agizo lile. Kissinger alikuwa na akili nyingi kuliko wengi wetu tutakavyopata kuwa nayo, na nadharia aliyoishika inafanana sana na ya Morgenthau. Tofauti ninayoiona ni kwamba mmoja alikuwa ameshakuwa serikali. Kanuni ya kutazama hali kwa macho ya wengine humlemea mtu aliyezungukwa siku nzima na macho ya ofisi yake.

Morgenthau alifariki New York Julai 19, 1980. Kissinger alizungumza kwenye kumbukumbu yake na kumwita mwalimu wake, ingawa kuhusu Vietnam walikuwa wametofautiana hadharani kwa miaka mingi. Naamini alimaanisha.

Alipoachishwa ushauri mwaka 1965, Morgenthau hakupoteza mshahara wala darasa. Kigoda chake Chicago, alikofundisha tangu 1943, kilikuwa palepale. Hata miaka ya 1949 hadi 1951, mwanadiplomasia George Kennan alipomwita kuisaidia idara ya mipango ya sera katika Wizara ya Mambo ya Nje, alikwenda kama mgeni mwenye nyumba kwingine. Ujasiri wake siupunguzi. Mtu aliyeshikiwa pua mbele ya umati akiwa na miaka 18 alikwisha kupimwa. Nasema tu kwamba ujasiri huo ulikuwa na mkataba wa ajira chini yake, na mkataba ni kitu ambacho nchi yoyote inaweza kukiandika.

Kwetu kazi hii haijafanyika ipasavyo. Tanzania na Msumbiji zilipokubaliana mwaka 1978 kuanzisha Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, zilitoa tamko zito: kwamba nchi zilizotoka kwenye ukoloni zinahitaji watu waliosoma uhusiano wa kimataifa kwa macho yao wenyewe. Kimetoa mabalozi. Lakini mhadhiri wa leo anayeazimwa wizarani, awe wa Kurasini, Mlimani, Nairobi au Makerere, mara nyingi anaondoka bila kujua atarudi kwenye nafasi gani. Anajua kwamba akimwudhi bosi mpya, wa zamani huenda asimpokee. Mtu wa namna hiyo tukimtaka aandike ukurasa wa kusema haliwezekani, tunamtaka aweke karo za wanawe rehani. Barua ya kumwazima itaje nafasi atakayorudia, muda wake, na haki yake ya kuchapisha akisharudi yale yasiyo siri, na iwe na sahihi za pande zote mbili kabla hajakabidhi ofisi yake chuoni.