Mchango wa Wanawake katika Vita vya Ukombozi wa Msumbiji

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi. Ndivyo historia ya vita inavyoandikwa mara nyingi: jina la aliyefyatua risasi hutangulizwa, na la aliyeichukua risasi hiyo kichwani, mwendo wa siku nyingi porini, huachwa. Habari za wanawake wa FRELIMO zatufunza kosa hilo. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya habari hizo ilitendeka katika ardhi ya Tanzania, yatupasa kuzifahamu na kuzifundisha.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, na vita vya silaha dhidi ya Wareno vikaanza tarehe 25 Septemba, 1964. Wanawake wa Cabo Delgado na Niassa waliwalisha wapiganaji na kuwachukulia mizigo. Lakini kazi hizo zilihesabiwa kuwa ni msaada tu, kana kwamba jeshi laweza kupigana bila chakula wala risasi. Mwaka 1966 Kamati Kuu ilikata shauri kwamba wanawake nao wapewe mafunzo ya siasa na ya kijeshi. Mwaka 1967 wasichana wa kwanza walipokelewa katika kambi ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Ndipo kilipozaliwa Kikosi cha Wanawake.

Si wote waliokishangilia. Wako walioshikilia kwamba bunduki na siasa si mambo ya mwanamke. Jawabu lilitolewa kwa vitendo. Wasichana hao walisafirisha silaha, wakalinda maeneo yaliyokombolewa, wakauguza majeruhi, wakalea yatima na kufundisha kusoma. Tena waliwaamsha watu. Mama wa kijijini, asiyethubutu kunena mbele ya wanaume, alimsikiliza binti mwenye bunduki naye akapata ulimi; na kijana aliyesitasita, alipomwona dada yake kavaa sare, aliona haya kubaki nyumbani.

Miongoni mwao alikuwa Josina Muthemba, aliyezaliwa Inhambane mwaka 1945. Alipojaribu kutoroka nchini mwake mwaka 1964 alikamatwa, akarudishwa na kufungwa. Alitoroka tena, akafika Tanzania mwaka 1965. Alipopewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi aliikataa, akachagua mafunzo ya Nachingwea. Mwaka 1969 aliolewa na Samora Machel, na mwaka huohuo akakabidhiwa Idara ya Mambo ya Jamii, akashughulikia malezi ya watoto wa vita. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili, 1971, akiwa na umri wa miaka 25, miaka minne kabla ya uhuru wa nchi yake. Tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Mwanamke wa Msumbiji.

Hata hivyo, sifa za Josina zisiwe pazia la kuwafunika wenzake. Uhuru wa tarehe 25 Juni, 1975 uliletwa pia na wengi ambao majina yao hayamo vitabuni. Mwalimu anapofundisha vita hivyo, na awaulize wanafunzi wake: nani alipika, nani alibeba, nani aliuguza? Majibu yao yatawaonyesha kwamba kazi hizo hazikuwa pembeni mwa vita. Zilikuwa vita vyenyewe.