Mpishi Alipopumzika: Camp Jened na Siasa za Watoto Wenye Ulemavu

Likizo ya Juni mwaka jana nilialikwa kuhudhuria kilele cha kambi ya watoto wenye mahitaji maalumu katika mji mmoja wa nchi yetu. Kambi ilidumu siku tano, na ratiba iliyobandikwa ukutani ilikuwa imejaa: kuchora, kutunga shanga, ngoma, michezo. Siku ya kilele watoto walipangwa mbele ya meza ya wageni, wakaimba wimbo wa kuwashukuru wafadhili. Wimbo ambao, kwa msamiati wake, haukuweza kuwa umetungwa na mtoto yeyote. Baadaye nilimkaribia binti mmoja wa miaka kama 13, aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu na mchoro wa twiga mapajani, nikamuuliza kwa nini amechagua twiga. Alinitazama kwa mshangao. "Tumepewa wote twiga," alisema.

Jibu lile halijanitoka, na ndilo lililonirejesha kwenye historia ya kambi moja iliyokuwa katika milima ya Catskills, kaskazini ya jiji la New York. Kambi hiyo iliitwa Camp Jened. Haikuwa na majengo ya kifahari, wala haikuacha mnara. Hata hivyo, mtu anayetaka kueleza Marekani ilivyopata sheria zake za haki za watu wenye ulemavu hawezi kuiruka.

Kwanza tuelewane kuhusu majira. Sisi tukisema kiangazi tunafikiria jua la kaskazi na visima vinavyokauka. Kwa Mmarekani, kiangazi ni wakati wa shule kufungwa kwa zaidi ya miezi miwili, na tangu karne ya 19 kumekuwako desturi ya kuwapeleka watoto kambini, porini au ziwani, wakaishi mbali na wazazi. Mtoto mwenye ulemavu hakuwamo katika desturi hiyo. Mahali pake palikuwa nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, au katika taasisi kubwa za serikali ambazo hali yake ilikuwa ya kutisha.

Waliojaribu kulivunja hilo walikuwa wa namna mbili, na tofauti yao ndiyo inayonishughulisha. Namna ya kwanza inajulikana sana. Mwaka 1962, Eunice Kennedy Shriver, dada yake Rais John F. Kennedy, aliufungua uwanja wa nyumba yake huko Maryland kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Dada yao Rosemary alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1941, akiwa na miaka 23, ukamharibu kabisa. Familia ililificha jambo hilo kwa miaka mingi. Katika uwanja wa Eunice watoto waliogelea, wakapanda farasi, wakacheza mpira, na vijana wa sekondari wakawasimamia. Kutokana na mbegu hiyo yakazaliwa mashindano ya Special Olympics, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Chicago Julai 1968. Mwaka 1974 dada mwingine wa ukoo huohuo, Jean Kennedy Smith, alianzisha shirika la kuwafikishia watu wenye ulemavu sanaa za muziki, uchoraji na maigizo. Sidharau hata chembe ya kazi hiyo. Jamii iliyozoea kuficha watoto ilifundishwa kuwatazama. Lakini aliyefundishwa hapo hasa ni mtazamaji. Mtoto alibaki mwenye kutazamwa.

Camp Jened ni ile namna ya pili. Ilianzishwa mwaka 1951, na wengi wa waliokwenda huko walikuwa watoto na vijana wenye ulemavu wa viungo: waliougua polio, wenye mtindio wa ubongo, waliozaliwa na mgongo wazi. Miongoni mwao alikuwamo Judith Heumann wa Brooklyn. Alizaliwa Desemba 1947, akaugua polio akiwa na miezi 18. Daktari aliwashauri wazazi wake wampeleke katika taasisi. Wazazi hao walikuwa Wayahudi waliotoroka Ujerumani wakiwa watoto na ndugu zao wakaangamia huko. Hawakuwa watu wa kumkabidhi mtoto wao kwa taasisi kirahisi. Walipompeleka shule ya jirani, mkuu wa shule alimkataa: kiti chake cha magurudumu, alisema, ni hatari moto ukitokea. Msichana akasomea nyumbani kwa saa chache tu kila wiki, mpaka alipokaribia miaka tisa. Ni katika umri huohuo ndipo alipoanza kwenda Jened kila kiangazi, na baadaye alirudi huko akiwa mlezi wa kambi.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kambi iliendeshwa na vijana wenye nywele ndefu na magitaa, watoto wa zama za kupinga vita ya Vietnam. Baadhi ya walezi hawakuwahi kukaa karibu na mtu mwenye ulemavu kabla ya siku waliyoshuka kwenye basi. Kiangazi cha 1971 kikundi cha wapigapicha wa video kilifika na kamera ya kubebeka, na picha zake zilihifadhiwa. Mwaka 2020 zilitumika katika filamu ya Crip Camp, iliyoongozwa na Nicole Newnham na Jim LeBrecht. LeBrecht mwenyewe alikuwa mwanakambi. Katika picha hizo anaonekana akiwa kijana wa miaka 15, amekabidhiwa kamera, akizunguka nayo kambini juu ya kiti chake. Naomba msomaji azingatie hilo: hakuna aliyemwambia apige picha ya nini.

Kuna mahali pawili katika picha hizo ambapo mwanahistoria wa siasa hana budi kusimama. Pa kwanza ni pa kawaida kabisa. Mpishi wa kambi ana siku yake ya mapumziko, na Heumann, wakati huo mlezi mwenye umri wa miaka 23, anaongoza kikao cha kuamua siku hiyo watapika nini. Wengine wanataka hiki, wengine kile. Kila mmoja anapewa nafasi, hata yule ambaye maneno humtoka kwa taabu, na anayetaka kupinga anapinga. Ukiwa na haraka utasema wanapoteza muda. Vijana wale walikuwa wamekulia katika nyumba ambamo wengine waliwaamulia saa ya kulala, nguo ya kuvaa na chakula cha kula, tena kwa upendo. Sasa walikuwa wanajifunza mambo matatu ambayo hakuna somo la uraia linaloweza kuyafundisha ubaoni: kutoa hoja, kushindwa kwa kura, na kula chakula ambacho hukukipendekeza bila kuona kwamba umedhulumiwa.

Pa pili ni pazito zaidi. Vijana wameketi wakizungumza kuhusu wazazi wao. Binti mmoja mwenye mtindio wa ubongo anasema kwa muda mrefu, na asiyezoea usemi wake haambulii neno. Hakuna anayemkatiza. Hakuna anayemmalizia sentensi. Wanangoja hadi amalize, kisha mmoja wao anajaribu kueleza alivyomwelewa: kwamba binti analalamika kunyimwa faragha, nafasi ya kuwa peke yake. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka kadhaa na nimehudhuria vikao vingi vya watu wenye shahada nyingi. Sikumbuki kikao ambacho mtu alisikilizwa namna ile.

Hapo ndipo ninapolitazama upya neno ubunifu, linaloandikwa katika kila andiko la kuomba fedha za kambi. Kwetu limekuja kumaanisha rangi, shanga na makaratasi. Kubuni ni kuanzisha jambo ambalo halikuwako, na anayeanzisha sharti awe na hiari ya kutoanzisha, au kuanzisha jambo ambalo mwenye mradi hakulitarajia. Rangi bila hiari ni kazi ya kunakili.

Haiyumkiniki kupima ni kiasi gani cha historia iliyofuata kilitokana na Jened na kiasi gani kilitokana na zama zenyewe. Ninachoweza ni kufuata nyayo. Mwaka 1970 Heumann alinyimwa leseni ya ualimu mjini New York kwa sababu hawezi kutembea. Akashtaki. Kesi iliangukia kwa Constance Baker Motley, mwanamke wa kwanza mweusi kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho na mwanasheria mkongwe wa harakati za haki za raia, na bodi ya elimu ikakubali kumaliza nje ya mahakama. Heumann akawa mwalimu. Baadaye alihamia Berkeley, California, na wenzake kadhaa wa Jened wakaelekea hukohuko.

Mwaka 1973 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ambayo kifungu chake cha 504 kilikataza ubaguzi dhidi ya mtu mwenye ulemavu katika shughuli yoyote inayopata fedha za serikali kuu. Maneno yake yalifuata mfano wa sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Lakini sheria bila kanuni ni jembe lisilo na mpini, na serikali ilikaa miaka minne bila kuzitia saini kanuni hizo. Tarehe 5 Aprili 1977 zaidi ya watu 100 wenye ulemavu na wenzao waliingia katika ofisi ya wizara husika mjini San Francisco, wakakataa kutoka. Wapo waliolala sakafuni ilhali miili yao ilihitaji kugeuzwa usiku. Wapo waliokaa bila dawa zao. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakapeleka habari nje kwa lugha ya alama. Chakula cha moto kililetwa na Black Panther wa Oakland, ambao mwenzao Brad Lomax, naye akitumia kiti cha magurudumu, alikuwa ndani. (Wasomaji wa Arusha wanaomfahamu mzee Pete O'Neal wa Imbaseni hawatashangaa kwamba Black Panther walijua kupika.) Mjumbe wa wizara alipogusia mpango wa kuwatengea huduma zao mbali lakini sawa, walitambua mara moja lugha aliyokuwa akiisema: ndiyo iliyotumiwa kuhalalisha shule za weusi. Tarehe 28 Aprili Waziri Joseph Califano alitia saini.

Mle ndani, kila uamuzi ulijadiliwa kikaoni, usiku kucha ikibidi, na hakuna aliyeruhusiwa kuharakishwa kwa sababu anasema polepole. Waliowahi kuwa Jened waliutambua utaratibu huo.

Sitaki kuipamba kambi ile kupita kiasi. Haikuwa na usafi wa kujivunia; filamu yenyewe inasimulia, kwa vicheko vingi, habari ya chawa walioenea kambini hadi watu wakazuiwa kuchangamana. Nidhamu ya walezi ingewatoa jasho maofisa ustawi wetu. Na fedha haikuwa nayo: mwaka huohuo wa 1977, kanuni zilipotiwa saini, Camp Jened ilifungwa kwa ukata. Ilikuja kufunguliwa tena mahali pengine, lakini ile ya milimani ndiyo iliyokuwa imeisha.

Wala Marekani haina haki ya kutuhubiria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao sheria yao ya mwaka 1990 iliuchangia kwa kiasi kikubwa, Baraza lao la Seneti lilishindwa kuuridhia Desemba 2012. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Heumann, aliyekuwa mshauri wa wizara yao ya mambo ya nje kuhusu jambo hilohilo, alifariki Machi 2023 kabla nchi yake haijaweka saini ya mwisho.

Juzi nimepokea mwaliko wa kambi ya mwaka huu, ratiba ikiwa imeambatishwa. Imejaa kama ile ya kwanza. Nimewajibu waandaaji kwa heshima, nikaomba alasiri moja iachwe tupu, na chakula cha siku hiyo kiamuliwe na watoto wenyewe, hata kama kikao kitachukua saa tatu. Bado sijapata jibu.